Bima Ililipa Lori, Si Mguu

Hapana, hakula mara mbili. Wewe unasema kala mara mbili kwa sababu ulisikia robo ya habari pale kwa kinyozi, ukatoka umenyolewa nywele na masikio. Kaa hapo kwenye benchi. Mikanda yako haitakimbia, stendi nzima haina mteja mpaka basi la Iringa lifike. Chai nitakupa, ila utanisikiliza mpaka mwisho.

Shangazi yangu alilipwa na bima, ndiyo. Nani kakataa? Lakini aliyemlipa siye aliyemgonga. Mtu akivunja dirisha lako, kaka yako akakununulia kioo kipya, yule mvunjaji ndiyo anakuwa mtakatifu? Kaka yako hana haki ya kwenda kumgongea mlango, amwambie bwana, rudisha hela yangu ya kioo? Na kama kipande cha kile kioo kilikuchana uso, uso nao umeshalipwa na kaka yako? Haya, kunywa chai, inapoa.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu yule muuza mikanda wa stendi ya Mikumi, na kabla yake nilimjibu kinyozi, na kabla ya kinyozi nilimjibu mama mmoja kanisani ambaye alinong'ona akidhani sisikii. Mimi nasikia. Sasa nimeamua kuandika, maana nimechoka kusimulia upya kila basi likichelewa.

Babu yetu alikuja Rudewa na mkonge, kutoka kusini, akaukata mpaka mgongo ukakataa, na kwao hakurudi tena. Shangazi ni mtoto wake wa kwanza, dada mkubwa wa baba yangu. Mkonge ulipokufa na shamba la kampuni likageuka pori, wanaume wengi wa pale walikaa vibarazani wakisubiri kampuni irudi. Shangazi hakusubiri. Biashara zilipoachiwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza anachoweza, yeye alianza na mitumba, akaitembeza kwenye kambi za miwa kule Ruhembe siku za mishahara. Kutoka mitumba akaingia kwenye vitunguu vya Malolo: ananunua shambani, anakodi lori, anapeleka Morogoro. Kisha akachoka kukodi. Akanunua lori lake mwenyewe, kuukuu, limetoka Japani na maandishi ya Kijapani bado yako mlangoni. Hatukuyafuta. Hakuna aliyejua yanasema nini, lakini yalituletea heshima.

Mimi ni wa kwake. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyekuja kunichukua Rudewa akanileta Mikumi. Nilipomaliza la saba sikuchaguliwa. Nikalia kutwa nzima. Jioni akaniwekea mbele jiko la mkaa na karai, akasema, "Hii ndiyo fomu wani yako. Futa kamasi." Nikaanza kukaanga maandazi stendi. Magazeti ya kufungia nilikuwa nayasoma kwanza ndipo nafungia, na wateja walilalamika sana kwamba maandazi yangu yanapoa kwa sababu ya siasa. Siku nikimaliza mapema nilikwenda kukaa mahakama ya mwanzo, benchi la nyuma, kusikiliza kesi za watu. Wenzangu walikuwa na video, mimi nilikuwa na mahakama. Ndiko nilikojifunza kwamba mtu mwenye haki anaweza kushindwa kwa sababu tu kanyamaza mahali pa kusema. Tangu hapo mimi sinyamazi. Stendi waliniita spika. Sikukasirika. Spika ndiyo inayosikika.

Sasa bima. Zamani ilikuwa moja tu, ya serikali, na watu walikata kwa sababu ya trafiki. Baadaye zikaja za watu binafsi, na mawakala wao wakafika hadi Mikumi na kalenda na vishikio vya funguo. Wenye magari karibu wote walichukua bima ndogo, ile ya kubandika kiooni ili upite. Shangazi akachukua kubwa, ile ambayo lori likipondeka wanakulipa lori lako. Madereva walimcheka.

"Mama, hiyo hela si bora ununue tairi?"

"Tairi litanibeba nikianguka?"

"Unajitabiria mabaya."

"Najitabiria uzee," akasema. "Nyie endeleeni na vibandiko vyenu."

Ajali ilitokea kwenye zile kona za milimani, ukitoka Malolo kuja Mikumi, kabla hujafika tambarare. Mimi sikuwepo. Alinisimulia dereva wa shangazi, ambaye Mungu alimtoa na mikwaruzo tu. Walikuwa wanashuka taratibu, wamejaza vitunguu, shangazi kakaa mbele upande wa mlango. Semitrela inapanda kutoka chini, inataka kulipita basi, na inalipita hapohapo kwenye kona. Dereva wetu akavuta kushoto mpaka pakaisha. Ile semi ikawakwangua ubavu, lori likalala. Vitunguu vikamwagika korongoni, vyekundu, kilima kizima. Watu wa magari yaliyosimama, wengine walimtoa shangazi, wengine walijaza vitunguu kwenye mifuko. Nawajua baadhi, na wao wanajua kwamba nawajua. Hata nyani walishuka, wakaonja, wakaviacha. Watu hawakuviacha.

Mguu wake wa kushoto ulibanwa na mlango. Hospitali waliukata chini ya goti.

Siku ya pili au ya tatu akaja msimamizi wa ile kampuni yenye semitrela. Kavaa vizuri, sauti ya chini, adabu zote. Akawaamkia kina mama waliojaa wodini, akaweka kitandani sukari, mchele na doti ya kanga mpya, akasema, "Mama, pole sana. Ajali ni kazi ya Mungu. Sisi kama kampuni tumeona tusikae kimya."

Shangazi alikuwa na homa, midomo imekauka. Akasema, "Asante, baba. Yameisha."

Kina mama wakaitikia kwamba amina, yameisha. Mimi nilifungua mdomo, mama mmoja akanifinya kiuno mpaka machozi yakanitoka. Yule bwana akatuaga mmojammoja, akaondoka.

Ili uelewe uzito wa neno hilo, lazima uelewe Rudewa. Kule, wafugaji kutoka upande wa ziwa walishaanza kuingia na ng'ombe wengi, na ng'ombe hajui mpaka. Ng'ombe wakila shamba lako, mnakutana ofisi ya kijiji, mwenye ng'ombe analipa, mnashikana mikono, mwenye shamba anasema yameisha. Akishalisema mbele ya watu, basi. Hata kesho akigundua kwamba walikula na upande wa pili, harudi. Anayerudi anahesabiwa mwizi, na shamba lake likiliwa tena hakuna atakayekwenda kumtolea ushahidi. Shangazi kakulia humo. Kwake neno hilo lilikuwa mlango uliofungwa kwa komeo.

Bima ililipa. Wacha niliseme hili kwa sauti, kwa sababu wengi walisubiri isilipe ili wacheke. Wakaja, wakalikagua lile lori, wakasema hili limekufa, wakalipa thamani ya lori. Shangazi alitoka hospitali na magongo akakuta wale madereva waliomcheka wanamwuliza ofisi ya wakala iko wapi. Hakuwajibu vibaya. Mimi ndiye niliyewajibu vibaya.

Kisha akaja wakili wa bima. Kijana mdogo, wa Morogoro, vumbi la njia limemjaa hadi kwenye kope. Akamwamkia shangazi, shangazi akamwitikia marahaba na kuniambia nilete maji. Wakili akaeleza kwamba wanakwenda kuishtaki kampuni ya semitrela mahakama ya wilaya, Kilosa, wadai ile hela waliyomlipa shangazi. Kesi itafunguliwa kwa jina la shangazi. Anahitaji sahihi yake tu, gharama ni zao.

"Kwa nini jina lake?" nikauliza. "Hela si zenu?"

"Hela zetu. Lakini sisi bima hatukugongwa na mtu. Aliyegongwa ni mama. Tulipomlipa, tumesimama mahali pake kumdai yule aliyekosa, kwa kile tulicholipa."

"Mlilipa lori."

"Lori."

"Vitunguu?"

"Mzigo haukuwemo kwenye bima yenu."

"Na mguu?"

Akamtazama shangazi kwanza, kisha mimi. "Mguu haukuwemo."

"Kwa hiyo vitunguu na mguu ni haki ya nani kudai?"

"Ya mama mwenyewe. Hiyo hatujaigusa na hatuwezi kuigusa."

"Ataidai lini?"

Wakili akaweka bilauri chini. Huyu kijana namsifu mpaka leo, maana angeweza kunijibu chochote na mimi nisingejua. Akasema, "Dada, nakuambia ukweli. Ni sasa. Ajali moja, kesi moja. Tukienda kwa jina la mama tukadai lori peke yake, tukashinda, siku akija na mguu wake mahakama itamwuliza alikuwa wapi. Kesi haikatwi vipande. Kama anataka, tunaweka vyote pamoja. Kampuni yangu haitakataa. Lakini lazima aseme mwenyewe."

Nikageuka kwa shangazi nikiwa nimeshasimama, mikono kiunoni. Nilidhani atasema ndiyo kabla hajamaliza kumeza mate.

Akasema, "Lori waendelee nalo, ni hela zao. Mguu hapana. Nilisema yameisha."

Wakili akasema atarudi kuchukua sahihi wiki ijayo, tufikirie. Akatuaga. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikiwaka moto.

"Shangazi, kwa sukari na mchele?"

"Si kwa sukari. Kwa mdomo wangu."

"Ulikuwa na homa."

"Homa haikusema. Nilisema mimi." Akavuta ungo akaanza kuchambua mchele, na hapo nilijua ameshafunga mjadala. "Watu walisikia. Nikienda Kilosa kudai, watasema huyu mama kapokea pole, kasema yameisha, kalipwa na bima, na bado anataka. Watasema kila nilichopata nilikipata hivyo. Lori, nyumba, vyote. Mimi sina mume wa kunisemea. Nina jina tu."

"Na mimi je? Mimi si nakusemea?"

"Wewe unanipigia kelele," akasema, na akacheka kidogo, na mimi nikatoka nje nikaupiga ukuta teke, nikaumia kidole.

Ndiyo ilikuwa hali. Akitia sahihi ya lori peke yake, mguu umekwenda na kesi, milele, na yeye anabaki na magongo bila mtaji. Akitia sahihi ya vyote, anaona jina lake limekwenda. Na kila nikiongea ndivyo anavyozidi kukaza.

Katikati ya wiki ile tukaitwa Rudewa. Shangazi bado ana shamba la mahindi kule, la babu, na ng'ombe walikuwa wameingia. Tukapanda gari mpaka Kilosa, tukaunganisha, tukafika ofisi ya kijiji. Mwenye ng'ombe alikuwa ameshakaa, baba mmoja mrefu wa makamo, viatu vya matairi, fimbo kaiegemeza ukutani kwa adabu. Mwenyekiti wa kijiji alipofungua tu kikao, yule baba akaingiza mkono mfukoni akatoa hela.

"Mama, tusipoteze muda. Mimi si mtu wa ugomvi. Chukua, yaishe."

Hela ilikuwa ya kutosha, labda na zaidi. Shangazi hakuigusa.

"Weka kwanza mfukoni, baba. Umefika shambani?"

"Nimeambiwa na vijana."

"Vijana hawakulima na hawakula. Twende."

Mwenyekiti akasema mama, kwa mguu huo, njia ina matope. Yule mfugaji akasema ataleta baiskeli ambebe. Shangazi akasema yeye si gunia. Tukaenda. Alikuwa anachomeka gongo kwenye tope, anachomoa, anachomeka, na yule baba mrefu nyuma yake amenywea kabisa, anatamani njia iishe. Walizunguka shamba lote. Alimwonyesha mistari iliyobaki mashina, akamwonyesha mahali ng'ombe walipolala. Hakusema neno la hasira. Walipomaliza mzunguko alisimama, akamtazama, akasubiri.

Yule baba akavua kofia. "Mama, ng'ombe ni wangu. Wamekula. Nimekosa."

Ndipo shangazi akanyoosha mkono. Akapokea, wakashikana, akasema, "Yameisha." Na yule baba akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, wakaanza kuulizana habari za mvua, na mwisho akamwahidi maziwa.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye yale mashina. Nimeona jambo lile tangu mtoto, sikuwahi kulitilia maanani. Nilidhani ni uzee tu, ni kupenda kutembeza watu. Nikasema, mbele ya mwenyekiti, mbele ya wote, kwa sauti ile yangu mnayoijua:

"Shangazi, na yule wa semitrela alitembea shamba gani?"

Akageuka. "Unasemaje?"

"Nasema, nani alikwambia lile neno, nimekosa? Yule bwana alisema kazi ya Mungu. Mungu ndiye aliyelipita basi kwenye kona? Huyu baba hapa kakuletea hela mkononi ukamkatalia, ukamburuta kwenye tope kwa gongo, kwa sababu ya mahindi. Mguu wako ni mdogo kuliko mahindi?"

Mwenyekiti akasema binti, punguza. Mfugaji akatazama fimbo yake. Shangazi akachomoa gongo kwenye tope, akatangulia. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, Rudewa mpaka Kilosa, Kilosa mpaka Mikumi, na mimi, amini usiamini, nilinyamaza. Tulipoingia ndani akaniambia nishushe sanduku juu ya kabati. Akatoa ile doti ya kanga. Ilikuwa kama ilivyotoka dukani, imekunjwa, kanga mbili bado zimeshikana. Hakuikata wala kuikunga pindo. Mwanamke gani anakaa na doti nzuri vile bila kuikata?

"Hata mimi sikujua kwa nini siikati," akasema. "Mwite wakili."

Siku ya kesi Kilosa nilivaa gauni langu la sikukuu. Chumba kilikuwa kidogo na watu wetu walikuja wengi, wengine kwa upendo na wengine kwa umbea, sikuwabagua. Wakili wa ile kampuni ya semitrela alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzuri. Akasimama kumhoji shangazi.

"Mama, bima walikulipa?"

"Walinilipa lori."

"Na wawakilishi wa kampuni walikuja hospitali kukupa pole?"

"Walikuja."

"Ukapokea?"

"Nikapokea."

"Ukasema mbele ya mashahidi kwamba yameisha?"

"Nilisema."

Nyuma yangu mtu akaguna. Nikageuka kumtafuta ni nani. Shangazi akainama polepole, akaweka gongo, akachukua kifurushi alichokuwa nacho miguuni, akakifungua juu ya meza. Sukari, mchele, doti.

"Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "sukari ya kwanza wageni waliinywa. Hii ni nyingine, ila kipimo ni kilekile. Mchele hivyohivyo. Kanga ndiyo yenyewe, haijakatwa, mama yeyote hapa anaweza kuitazama. Kwetu mtu anasema yameisha baada ya aliyekosa kusema nimekosa. Mimi nilitangulia kwa sababu ya homa na adabu. Sasa narudisha, ili wao waanze mwanzo."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza, lakini na yeye alikuwa anatafuta mahali pa kuuficha mdomo. Akasema, "Mama, hapa si dukani. Viondoe." Kisha akaandika, kwa muda mrefu. Wakili wetu alisimama akasema kwa lugha yao kile ambacho mimi nimeshakwambia kwa lugha ya dirisha: kwamba bima kumlipa mtu hakumfuti aliyekosa, kwamba haki ya lori imehamia kwa bima na haki ya mguu haijahama, na kwamba neno la mgonjwa kitandani si mapatano.

Kampuni ikamleta dereva wa semi kama shahidi wake. Kijana, labda kanizidi miaka michache. Alipanda pale mbele, na kabla hajaapa alimwona shangazi, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakimu aliacha ipite. Dereva akaapa, akasimulia kama alivyofundishwa, kwamba lori la vitunguu lilikuwa katikati ya barabara. Alisimulia vizuri, macho yako ukutani. Wakili wetu hakumbana kuhusu barabara. Alimwuliza jambo moja.

"Tangu ajali, ulikwenda kumwona huyu mama?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilikatazwa. Niliambiwa nikienda nitakuwa nimekubali kosa."

"Na ungekwenda, ungemwambia nini?"

Wakili wao alikuwa ameshasimama anapinga, anaongea, na hakimu anamwonyesha kwa mkono akae, na yule kijana wala hakuwasikia. Alikuwa anamtazama shangazi. Akasema, "Ningemwambia nimekosa. Nilikuwa na haraka. Nilipita konani."

Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia shangazi dakika ile, kwa sababu hakutabasamu wala hakutugeukia kutuonyesha ameshinda. Alitikisa kichwa tu kumwitikia, kwa utulivu uleule wa kwenye matope ya Rudewa. Mimi ndiye niliyelia, na spika ikazima.

Tulishinda. Fungu la lori lilikwenda bima, lote, maana wao ndio waliolilipa lori. Sikiliza hapo wewe unayesema mara mbili: hata shilingi moja ya lori haikupita mkononi mwake mara ya pili, na hakuitaka. Fungu la vitunguu na la mguu ndilo lililokuwa lake. Kwa hilo akanunua mguu wa bandia, anaouita mgeni, na akaanza tena Malolo, kwa lori la kukodi kwanza. Vile vitu vya pole hakuviondoa; siku ile tulipotoka vilibaki mezani mahakamani. Karani akamkimbilia mlangoni, "Mama, umesahau kanga zako." Shangazi akasema, "Si zangu," akaendelea kutembea. Nilichungulia dirishani nikamwona yule msimamizi mwenye adabu anazikunja mwenyewe, na sukari kwapani.

Yule dereva alifukuzwa kazi, bila shaka. Siku moja alishuka kwenye basi hapa stendi, na kuku mkononi, akiulizia kwa mama wa vitunguu. Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka Kilosa, nikampa andazi. Shangazi alimpeleka hadi kule konani, nami nikaenda nao. Wakasimama pembeni, magari yakipita. Bado kuna vitunguu vinajiotea vyenyewe korongoni. Yule kijana akaonyesha kwa kidole alipotokea na alipopaswa kusubiri. Akasema tena lile neno, safari hii bila hakimu. Ndipo shangazi akamshika mkono, akasema yameisha. Sasa hivi ndiye dereva wetu, na hapiti mtu konani hata nikimtukana.

Kwa hiyo, nikamwambia yule muuza mikanda, usinipe habari za kinyozi. Nimekupa yote, chai umemaliza, na basi la Iringa lile linaingia. Nijibu kabla hujainuka: mguu ungekuwa wako, ungekubali uhesabiwe ndani ya lori?